Mlinzi na Simu ya Bintiye

Mtu mmoja, jina lake Asajile, alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la mahindi, naye alikuwa na binti mmoja tu, Atupele. Mama wa mtoto alikuwa ameshafariki. Majirani walimkumbusha Asajile kila walipopata nafasi kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, kana kwamba marehemu alikataa kufunza. Basi hofu ikamwingia. Usiku yeye yuko getini, mtoto yuko nyumbani na simu, na simu, kama mnavyojua, ni mlango usio na komeo.

Akaenda kwa muuza simu kutafuta programu ya kumlinda mwanawe. Muuzaji alikuwa nazo mbili. Moja, mzazi na mtoto huiweka pamoja, wakakubaliana kipi kitaonekana na kipi hakitaonekana. Nyingine hujificha ndani ya simu, na kila neno analoandika mtoto, hata lile alilolifuta kabla ya kulituma, humfikia mzazi kwenye simu yake. Asajile hakufikiri sana. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba mwizi akijua mlinzi amekaa wapi, hupitia upande mwingine. Akachagua ile inayojificha. Alimpenda mwanawe kwa moyo wote, lakini alimlinda kwa hekima ya kukamatia wezi.

Tangu hapo, mchana, saa zake za kulala, akawa anasoma. Hakuona ubaya wowote. Alimwona mtoto akiulizana hesabu na wenzake na kuchekea mambo ya kitoto. Angeweza kumshukuru Mungu, akalala. Lakini anayechungulia hashibi. Aliendelea kusoma, na usingizi aliojinyima mchana ukamfuata kazini. Akaanza kusinzia getini, kinywa wazi, koti la kazi limempanda mpaka masikioni.

Alfajiri moja kijana aitwaye Lusajo, aliyesoma darasa moja na Atupele, alipita pale akampiga picha. Picha ikazunguka darasa zima. Wakamwita mtoto Binti Koroma, na kila alipoingia darasani walimkoromea. Hayo nayo Asajile aliyasoma. Aliiona picha yake mwenyewe. Akaona pia maneno ambayo binti alimwandikia yeye, kisha akayafuta: "Baba, usilale tena getini, wanakucheka." Kesho yake akaandika tena, akafuta tena. Na kwa rafiki yake mmoja Atupele aliandika, hili hakulifuta: "Mzee asijue. Ataumia."

Palikuwa na neno dogo tu la kusema: mwanangu, nimeona. Asajile hakuweza kulisema, kwa sababu angeulizwa ameona kwa njia gani. Akabaki kuzungukazunguka. Alimnunulia maandazi. Alimuuliza habari za shule, akajibiwa nzuri, baba. Wakala maandazi yao, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lile lile. Tumezoea kusema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huyu aliujua uchungu wa mwanawe neno kwa neno, na mtoto hakupata nafuu yoyote.

Siku moja Atupele alirudi mdomo umevimba na kola ya shati imechanika. Alisema amejikwaa kwenye ngazi. Hapo baba alishindwa kujizuia. Akaapa kwamba atamfuata huyo Lusajo mpaka kwao, wazazi wake wakiwapo. Lakini Atupele hakuwa amemtaja Lusajo.

Mtoto alimtazama, akaitazama simu iliyokuwa mkononi mwa baba yake, na akaelewa.

"Kumbe ulikuwa unajua, baba?"

Asajile aliinamisha kichwa. Binti akalia, na hakuulilia mdomo wake. Mzigo ule wote aliubeba akijifariji kwamba anaumia yeye peke yake, na kwamba baba yake, kwa uchovu wake, walau ana amani. Sasa aliona kwamba aliubeba huku baba akimtazama, na baba hakunyoosha mkono kumpokea.

Asajile alilia naye, akaomba radhi, akaitoa ile programu mbele yake. Mtoto akasema yameisha. Hajamkosea heshima hata siku moja tangu hapo. Humwamkia shikamoo, humpikia, humfulia koti la kazi. Simu yake huiacha mezani bila namba ya siri, baba atazame akipenda. Hamna kitu ndani yake. Na kwenye mazungumzo yao hamna kitu pia, zaidi ya shikamoo baba na karibu chakula. Nawahurumia wote wawili, na mpaka leo sijui nimhurumie nani zaidi.

Ninyi wazazi mlioniuliza mchague programu gani, mimi si fundi wa simu. Nawauliza jambo moja tu: siku utakapomwona mwanao analia, nawe umemwona kwa kujificha, utatokaje mafichoni umfute machozi?