Mlinda Lango Aliyeulizwa Ndani Kuna Nini

Wapendwa, palikuwa na mlinda lango katika msitu mmoja wa serikali. Kazi yake aliijua barabara. Wenye baiskeli aliwapangia njia yao, maharusi wa kupiga picha aliwaelekeza kwenye maporomoko, na watu wa maombi, wale wanaokemea mapepo kwa sauti, aliwatengea pembe ya mbali kabisa wasiwatishe wanyama. Wote walilipa kiingilio. Bila tiketi, hata ungekuwa shemeji yake, hupiti.

Siku moja akaja mama mtu mzima, anapapasa ukuta.

"Mwanangu, daktari ameniambia macho yangu yanakwisha. Nataka niuone msitu kabla sijafika gizani. Ila hela yote imeishia hospitali."

"Pole sana, mama. Lakini nikikuachia wewe, kesho kijiji kizima kiko hapa."

Mama hakubisha. Akakaa chini palepale. "Basi nisimulie wewe. Ndani kuna nini?"

Mlinda lango akafungua kinywa. Mnajua alisema nini?

"Kuna... miti."

Miaka yote ile hajawahi kwenda hatua moja zaidi ya lango! Aibu ikamshika. Akamwachia mwenzake zamu, akamshika mama mkono, wakaingia.

Hawakufika mbali, akasimama. Mbele yao mti, shina lake pana kuliko nyumba anayolala. Akatazama juu, asione mwisho wake. Mbega wakapita matawini kimyakimya, manyoya yao meupe yakining'inia. Mwili ukamsisimka, akavua kofia bila kuambiwa na mtu. Alijiona mdogo mno, na ajabu ni kwamba alifurahi kuwa mdogo.

"Haya, mwanangu," mama akasema huku machozi yakimtoka, "sasa nitajie bei."

Walipotoka akakata tiketi mbili, akazilipia mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa yake, mlinda lango.

Na sisi je? Sisemi kiingilio ni kibaya. Msitu usiolindwa huishia kuwa mkaa, na kanisa nalo lina utaratibu wake. Lakini sisi wazee wa kanisa, sisi wanakwaya, na mimi niliyeshika kipaza sauti, tunajua nani aingie, nani akae wapi, nani hajatoa. Leo mtu akitushika mkono pale mlangoni, akatuuliza, "Huko ndani kwa Mungu kuna nini?" tutamjibu nini, jamani? Kuna viti?

Tuingie, wapendwa. Tuingie na sisi.