Bi Hondo Anatafuta Kanga

Bisheni! Haya, bisheni sasa hivi, maana nikishaanza hamtapata nafasi. Nasema hivi: palikuwa na ndege aliyeogopa kuruka. Ndege! Mwenye mbawa mbili, mkia, na mdomo mkubwa kama upawa wa shughuli. Chande, mbona umekunja uso? Unaona naongopa? Mimi shule tuliachana darasa la tano, lakini hadithi hii hata mwalimu mkuu haijui. Asiyeamini aende akakoge, maana naona wengine hamjakoga.

Hapo zamani, tena ile ya kale hasa, wanyama walikuwa na nyumba, na mashemeji, na magomvi ya mlangoni kama sisi. Juu kabisa ya mvule mmoja mrefu, ndani ya tundu la shina, aliishi Bi Hondo na mumewe. Hawa ni hondohondo, wale ndege wa mdomo mkubwa.

Hondohondo wana desturi yao. Mke akikaribia kutaga anaingia tunduni, na mlango unazibwa kwa udongo. Yeye anakandika kwa ndani, mume anakandika kwa nje, mpaka unabaki upenyo mwembamba wa kupitishia chakula. Humo ndani mama anataga, analalia, analea, na manyoya yake ya mbawa yanapukutika yote, yanaota mengine. Ni arobaini kama ya mzazi yeyote, ila hii ina ukuta. Watoto wakishakua, mama anauvunja ukuta kwa mdomo, anatoka, anaruka. Basi.

Bi Hondo hakuuvunja.

Manyoya mapya yalishaota, yanang'aa. Watoto wawili walishajaa tundu zima, wanakanyagana. Mume kila siku anakuja na kuyu, yale matunda ya mkuyu, mdomoni, amekonda kama kijiti.

"Mke wangu, vunja ukuta. Mgongo umeniisha."

"Kesho, baba watoto."

"Jana ulisema kesho."

"Basi na kesho nitasema."

"Unaogopa nini lakini?"

Bi Hondo akasema polepole, "Wewe ulikuwa nje, hukuona. Yale manyoya yangu ya zamani niliyasukuma kwenye upenyo, unyoya mmoja mmoja. Yale yale yaliyonirusha maisha yangu yote. Nikayatazama. Yalianguka, bwana! Yanazunguka, yanazunguka, mpaka chini kule siyaoni tena. Hakuna hata mmoja uliopaa. Na mimi ni nini kama si manyoya?"

Mume akaenda zake kutafuta kuyu. Ninyi mnalo jibu? Kaeni kimya basi.

Tangu hapo, kila upepo ukivuma na mvule ukilia kwiii, Bi Hondo anakaza kucha ukutani. Akichungulia nje tu, ardhi inaanza kuzunguka, mbawa zinakufa ganzi. Usingizini anaanguka. Akiamka bado anaanguka.

Sasa, tawi la chini yake alikaa jirani, Kuchakuro, yaani kindi. Mdogo, unaweza kumtia mfukoni, lakini mdomo! Hakuna asilolijua, hakuna asikofika. Mimi nampenda sana huyu.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesikia unaogopa kuruka. Kitu kidogo hicho! Mimi nimesharuka mpaka nimechoka. Nilipanda mgongo wa korongo, tukapita juu ya mawingu. Mawingu yenyewe baridi kama mtindi."

"Hukuogopa?"

"Mimi? Nilisinzia!"

Bi Hondo akamtazama kwa upenyo, jicho moja tu linaonekana. "Basi nifundishe."

Kuchakuro akakuna sikio. Akaona huyu ukimwambia habari ya kuruka atazimia humo humo. Akasema, "Leo hatufundishani kitu. Ila watoto wanatoka jasho humo ndani, nalisikia hapa. Wapepee."

"Niwapepee na nini?"

"Na hizo hizo ulizo nazo begani."

Bi Hondo akapepea. Pa, pa, pa. Akachoka upesi. Kesho yake akapepea tena, pa-pa-pa-pa, akachelewa kuchoka. Watoto nao kwa kuiga! Tundu zima likawa linavuma kama kinu cha kusaga. Yeye anadhani anafukuza joto. Ninyi mnajua alikuwa anafanya nini. Nyamazeni, msimwambie.

Lakini mvumo ule uliwafikia wengine.

Mwinyi Nyani aliusikia. Huyu ni nyani dume, mkubwa wa majabali yote ya pale, mabega kama gunia mbili, meno marefu kama vidole vyangu. Alikuwa anapenda heshima kuliko ndizi. Ukimwita Nyani bila Mwinyi, umeumia. Akapanda mvule, gwa, gwa, gwa, akafika kwenye ukuta, akatia kidole kwenye upenyo.

Kidole kile! Cheusi, kina ukucha uliovunjika. Kikapapasa hewani, kikagusa kichwa cha mtoto, kikakibonyeza kama unavyobonyeza papai sokoni.

"Wawili," akasema Mwinyi Nyani. "Na wamenona. Na mama yao juu yake. Vizuri sana. Kesho asubuhi wakwe zangu wanakuja kula kwangu, nilikuwa sijui nitawapa nini."

Akaukwaruza ukuta. Mvua ilikuwa imeulainisha, udongo ukabomoka kidogo, pu! Akacheka, akashuka zake.

Na mume? Mume ameshavuka mto kutafuta kuyu, maana za karibu zimekwisha. Kurudi ni kesho jioni.

Kuchakuro akapanda mbio. "Shangazi, asubuhi unaruka."

"Siwezi."

"Nyani atawala watoto!"

"Najua."

"Na wewe atakula!"

"Najua, mwanangu. Nimekiona kidole. Najua yote hayo, na bado siwezi."

Kuchakuro akateremka, mkia chini. Alijua shangazi anaogopa, lakini hakujua kwamba woga unaweza kumzuia mtu kutoka hata nyumba ikiwa inaungua.

Asubuhi wakwe wakafika. Mama mkwe wa Mwinyi Nyani, mnene, amekaa chini ya mvule kimya kama hakimu. Baba mkwe kando yake, na mashemeji. Mwinyi Nyani akapanda mbele ya macho yao yote, kifua mbele. Gwa, gwa, gwa. Ndani ya tundu Bi Hondo aliihesabu kila gwa moyoni.

Mwinyi Nyani akanyanyua ngumi apige ukuta.

"Astaghafiru!" ikalia sauti. Kuchakuro huyo, kwenye tawi, ameshika tama. "Mwinyi! Hata hodi?"

"Hodi ya nini? Nimekuja kuchukua chakula changu."

"Sawa, chukua. Nani amekukataza? Lakini humo ndani mna mzazi, hajatoka arobaini. Mwanamume unaingia kwa mzazi bila hodi? Mbele ya mama mkwe wako?" Akachungulia chini. "Tena anakutazama."

Mwinyi Nyani naye akachungulia chini. Mama mkwe alikuwa anamtazama kweli, midomo ameibana.

Ngumi ikashuka. Akakohoa, akasema kwa sauti ya wageni, "Hodi! Hodi hapa!"

Bi Hondo akawakumbatia watoto kwa mbawa.

"Shangazi," Kuchakuro akasema karibu na upenyo, "mwitikie mgeni."

Ikatoka sauti nyembamba, inatetemeka, "Ka... karibu. Ila sijajisitiri. Kichwa wazi."

"Umesikia, Mwinyi? Hajajisitiri. Geuka basi atafute kanga. Au utamtazama mzazi kichwa wazi, wakwe wapeleke habari nyumbani?"

"Nani kakwambia mimi sina adabu?" Mwinyi Nyani akageuka, akakaa kwenye tawi, mgongo kwa tundu, mikono kifuani. Mstaarabu huyo!

Kuchakuro akanong'ona, "Shangazi, vunja."

Kwa! Mdomo ukapiga ukuta.

"Nini hiyo?" akauliza Mwinyi Nyani, shingo ikianza kugeuka.

"Anafungua sanduku la nguo."

Kwa! Kwa! Udongo ukaporomoka.

"Na hiyo?"

"Kanga ya juu haimpendezi, anatafuta ya chini."

Mlango ukawa wazi. Jua likaingia tunduni kwa mara ya kwanza tangu mvua za mwanzo. Watoto wale, kwa kuwa hawajawahi kuona unyoya ukianguka, wala hawakuuliza. Wa kwanza akajitupa, puu! akayumba, akafika mti wa pili. Wa pili akafuata, puu! Wakatua kule wakaanza kupiga kelele, "Mama! Mama njoo!"

"Watoto wa nani wanaolia?" akauliza Mwinyi Nyani.

"Wa jirani. Hawana malezi."

Akabaki Bi Hondo kizingitini. Mbele yake hewa tupu. Chini, mbali, wakwe wale wadogo kama siafu. Mgongo wa Mwinyi Nyani uko pale pale, angenyoosha bawa angeugusa, anaona chawa wanavyotembea ndani ya manyoya yake. Miguu ikamganda. Ardhi ikaanza kuzunguka.

"Shangazi, pepea," Kuchakuro akanong'ona. "Unapepea tu. Kama siku zote."

"Nitaanguka."

"Pepea."

"Manyoya yale yalianguka, mwanangu."

"Hiyo kanga," akanguruma Mwinyi Nyani, "bado inafumwa?"

Na kule chini mama mkwe akanyoosha mkono kuelekea juu, akafungua kinywa...

Hapo Kuchakuro akamwambia Bi Hondo neno moja la busara, naye akaruka! Pa-pa-pa-pa, juu ya vichwa vya wakwe, mpaka kwa wanawe. Mwinyi Nyani kugeuka, tundu tupu! Akatia mkono ndani akatoa maganda ya kuyu. Mama mkwe akasema kwa sauti ya kusikika msitu mzima, "Ndiyo karamu yenyewe hiyo?" Wakaondoka na njaa yao. Toka siku ile hakuna aliyemwita nyani yule Mwinyi tena. Kuchakuro akashuka zake mti taratibu, mkia juu, akaenda kustaftahi.

Na funzo lake ni kwamba msikilizeni mwenye akili, hata awe mdogo, hata awe hakumaliza shule.

Mmeridhika?

Chande bado amekunja uso. Unataka kujua neno lenyewe la busara lilikuwa lipi, eh? Kijana huyu atanitoa roho.

Haya. Kuna kipande nimekiacha.

Hapakuwa na neno. Mama mkwe alipiga kelele, "Nyuma yako!" Mwinyi Nyani akageuka, akamkamata Kuchakuro mkia. Kuchakuro akajinyofoa, manyoya ya mkia yakabaki kwenye kiganja cha nyani, akarukia kitu cha kwanza alichokiona. Kitu chenyewe kilikuwa mguu wa Bi Hondo. Akaukumbatia kwa mikono yote na miguu yote, akafumba macho, akalia, "Mama yangu weeee! Tutaanguka! Mimi sijawahi kuruka, shangazi! Korongo niliongopa! Sijawahi hata kumgusa korongo!"

Bi Hondo akamtazama. Kitoto kidogo vile, moyo unampiga kwenye mguu wake du-du-du-du. Na mkono wa nyani unakuja.

Akasema, "Nyamaza, mwanangu. Mimi pia naogopa. Nishike vizuri."

Akaachia kizingiti.

Wakaanguka, ndiyo. Kabisa kama manyoya yale. Matawi yanapita, Kuchakuro anapiga ukunga, Bi Hondo naye anapiga ukunga, wakwe wanatawanyika. Halafu mbawa zikashika hewa, pa! pa! pa! Na njia nzima, mpaka ule mti wa pili, Bi Hondo alikuwa anatetemeka mwili mzima, na huku anambembeleza mwenzake, "Tazama mbele, mwanangu. Usitazame chini. Tunapepea tu. Tunapepea tu."

Mume aliporudi jioni na kuyu zake aliwakuta kule, mke na watoto wanakula wadudu, na Kuchakuro bado ameng'ang'ania mguu. Hakuachia mpaka asubuhi.

Nilikiacha kwa sababu hadithi hii aliyenisimulia ni Kuchakuro, na kwake kipande hicho hakimo. Mimi nilikipata kwa Bi Hondo.

Kwa hiyo lile funzo la kwanza lifuteni, funzo ni hili: huingojei hofu iondoke ndipo uruke, unaruka nayo imekushika mguu.