Kwa Nini Mke wa Mfalme Hubeba Kikombe

Ninyi mnaomwona mke wa mfalme akizunguka ukumbini na kikombe mikononi, mnadhani ilikuwa hivyo tangu mwanzo wa dunia. Haikuwa hivyo. Kulikuwa na wakati, huku katika nchi ya Wasaksoni, ambapo mwanamke hakukanyaga ukumbi wa mfalme siku ya karamu. Wanaume walijimiminia pombe ya asali na kupokezana kikombe wao kwa wao, na kwa kuwa kila mmoja alitaka aonekane mkubwa kuliko jirani yake, haikupita karamu bila mtu kutokwa damu. Wanawake walikaa nyumba ya kufumia, wakingoja kuitwa waje kufunga majeraha.

Wakati huo ndipo Wulfruna alipoolewa. Alikuwa binti wa mfalme wa vilimani, akapewa Osriki, mfalme wa watu wa kinamasi, ili vita vya miaka tisa kati yao viishe. Bibi harusi wa namna hiyo aliitwa mfumaji wa amani. Yeye hakulipenda jina hilo. Aliwajua wafumaji wa amani wawili waliorudi kwao wajane kabla hata mwaka haujaisha.

Osriki alikuwa mtu mpole, lakini mchana kutwa alikuwa na watu wake, na mchana ni mrefu kwa mgeni. Wulfruna alipoingia nyumba ya kufumia, mazungumzo yalikatika. Ilikuwa hivyo kwa wiki kadhaa, mpaka mama mmoja aitwaye Githa, mke wa askari mzee Leofa, alipomsogezea kigoda.

"Njoo hapa, mwanangu," alisema. "Uzi wako unakatika kwa sababu unauvuta kwa hasira."

Basi akajifunza kufuma kama watu wa kinamasi, na pale kwenye uzi akayasikia majina ya wafu wao wote: mume wa huyu, kaka wa yule. Siku moja Githa alimsimulia habari za mwanawe, Edwini, aliyeuawa kwenye kivuko akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa na jino lililovunjika, kwa hiyo alipocheka aliziba mdomo kwa kiganja. Waliomuua walikuwa watu wa vilimani. Githa aliyasema hayo bila kuinua macho. Kesho yake Wulfruna alirudi akaketi palepale.

Mwaka ulipotimia, Aldredi, kaka yake Wulfruna, alikuja na watu thelathini kula na shemeji yake. Wulfruna alishinda asubuhi nzima akitabasamu peke yake. Wageni waliacha panga mlangoni kama ilivyo desturi, ila visu vya kukatia nyama vilibaki viunoni. Kule kwenye nyumba ya kufumia wanawake walisikia nyimbo, kisha kicheko, kisha ghafla hawakusikia kitu.

"Kelele zao nimezizoea," Githa alisema. "Kimya hiki sikipendi."

Wulfruna aliinuka akaenda. Alikuta kikombe kimejaa katikati ya meza na hakuna anayekigusa. Aldredi alikuwa amesema mgeni ndiye anayekunywa kwanza. Leofa alikuwa amejibu kwamba ndani ya ukumbi ule hakuna anayemtangulia mfalme. Mikono ilikuwa imeshika visu, na Osriki alisimama asijue amkasirishe nani, watu wake au kaka wa mkewe. Yeyote ambaye angeshinda pale, Wulfruna angezika mtu wake.

Akakiinua kikombe kwa mikono miwili.

"Mume wangu," alisema, "wewe ndiye mwenye nyumba. Onja kwanza, kaka yangu ajue kinywaji chetu ni salama."

Osriki alielewa upesi, akanywa. Kisha Wulfruna akamgeukia Aldredi. "Sasa wewe, kaka. Kimeonjwa kwa ajili yako." Aldredi alilitafuta tusi katika maneno hayo asilione. Mfalme alikuwa ametangulia, na mgeni alikuwa ameheshimiwa. Akanywa naye.

Wulfruna angeweza kuishia hapo. Lakini Leofa alikuwa bado ameshika kisu, kwa hiyo akamwendea.

"Baba Edwini," alimwita, na vichwa vyote vikageuka, maana tangu siku ya kivuko hakuna aliyethubutu kumwita hivyo. "Mama yake ameniambia jinsi alivyokuwa akiziba mdomo akicheka. Watu wa kwetu ndio waliomuua, nami sina cha kuwafuta machozi. Nakuomba unywe kwa jina lake, wote humu walisikie."

Kikombe kile kilikuwa kikubwa, hakishikiki kwa mkono mmoja. Mzee aliachia kisu, akakipokea, akasema, "Edwini," akanywa. Aldredi akasimama akainamisha kichwa, na watu wake thelathini wakasimama nyuma yake.

Wulfruna alizunguka hadi kwa mtu wa mwisho karibu na mlango, akimwita kila mwenyeji kwa jina na kumtajia wa kwao aliyemkosa. Jioni wageni walipanda farasi bila jeraha hata moja. Aliporudi nyumba ya kufumia na kusimulia, Githa alilia, akajipangusa, kisha akauliza, "Na sisi je, hakuna kilichobaki?" Kilikuwepo. Wakanywa wote, wakacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Siwaambii kwamba vita vilikwisha duniani. Lakini toka mchana ule, katika kila ukumbi wa nchi hii, kikombe hakiondoki mezani mpaka mke wa mfalme akibebe. Humpa mumewe kwanza, kisha mgeni, kisha yule mwenye uchungu kuliko wote, na mfalme mwenye akili humuuliza mkewe kabla ya kuamua lolote, kwa sababu yeye ndiye anayejua kila nyumba inamlilia nani.