Tiketi Moja ya Chama cha Karai

Sogeeni karibu, mlio na viti na mlio na mikeka, na yule aliyeshika simu aiweke chini kwanza. Leo nimewaletea kesi ya watu watatu, na nawaonya mapema kwamba mimi mwenyewe imenishinda. Nimeisimulia mbele ya walimu, mbele ya wazee wa kanisa na mbele ya akina mama wa chama cha kununuliana vyombo, na kila mahali watu wameondoka wakibishana hadi njiani. Msikilize vizuri, maana mwisho nitawauliza, na jibu la "wote ni sawa" silipokei.

Katika Kaunti ya Msorongo, yenye milima upande mmoja na bonde la mkonge upande wa pili, waliishi watu watatu wenye vipawa. Mzee Mwadime, fundi wa mawe, alijaliwa moyo usiojua kuona haya: ukimcheka leo, kesho atakusalimu na kuendelea na kazi yake. Saru, msusi wa vikapu, alijaliwa masikio. Mtu akimweleza jambo lake aliondoka mwepesi, hata kama Saru hakumjibu neno. Na Righa, nyapara wa shamba la mkonge, alijaliwa ulimi. Righa akisimama kuzungumza, hata mwenye haraka zake aliegesha baiskeli.

Wa nne ni Wakesho, mjane wa milimani. Huyu sisemi alijaliwa nini. Alikuwa mpishi wa mikutano tu, lakini kesi yenyewe ilikuja kumwangukia yeye, kwa hiyo tutamfuata yeye.

Ugavana wa Msorongo ulikuwa na wenyewe. Uchaguzi huu ni chama cha Ndovu, ujao ni chama cha Mnara, na wote walipokuja kuomba kura waliahidi daraja lile lile la mto Kishenyi. Daraja halikuja. Mwaka mmoja wa mvua kubwa mume wa Wakesho aliugua, wakambeba kwa machela hadi mtoni, na hapo wakakwama. Paa la hospitali walikuwa wakiliona ng'ambo. Alifia pale ukingoni, kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe, na siku ya maziko gavana akatuma shada la maua. Wakesho alilitupa kwenye shimo la taka na hakumwomba radhi mtu yeyote.

Mzee Mwadime alikuwa miongoni mwa waliobeba machela. Matanga yalipokwisha alichukua karai lake la zege, akashuka mtoni peke yake, akaanza kupanga mawe ya kivuko. Wapita njia walimwuliza analipwa na nani.

"Silipwi," akawajibu. "Shika jiwe hilo."

Wengine walicheka wakapita, wengine walishika. Kivuko kikainuka. Siku walipokimaliza Mwadime akawaambia kwamba watu wanaoweza kujenga kivuko bila gavana wanaweza kuwa na gavana wao, kwa hiyo waandikishe chama, na alama yake iwe karai. Hapo hata waliomsaidia waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Chama kikaandikishwa, na uchaguzi ulipofika akagombea ugavana mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu kuweka uso wake kwenye bango. Alipata kura chache hivi kwamba redio haikumtaja kabisa. Watoto wakampa jina la Gavana wa Karai. Asubuhi iliyofuata, washindi wakiwa bado wanapiga honi barabarani, Mwadime alionekana akijenga tangi la maji la kijiji cha jirani, na kila aliyemwita Gavana wa Karai alimwitikia, "Naam." Wakesho alipoliona hilo alijifunga leso kiunoni, akaenda kumpikia uji. Hivyo ndivyo alivyoingia chamani, na tangu siku hiyo ukimtania mzee yule mbele yake, unajitafutia makubwa.

Basi chama kile kikawa na mila zake. Jumamosi ni kazi kwanza, siasa baadaye, na siasa yenyewe inakoma chai ikiisha kwenye sufuria. Kikao kinazunguka nyumba kwa nyumba, na aliyepika ndiye mwenyekiti wa siku hiyo, kwa hoja kwamba hakuna mtu anayemzomea aliyemlisha. Neno "mheshimiwa" lilipigwa marufuku. Atakayemwita mwenzake hivyo, ataosha sufuria. Mkubwa hapana, mdogo hapana. Wakesho alikuwa akiwasimulia wageni mambo hayo kifua mbele, na mimi simlaumu, maana mwajua vyama vyetu vingine vilivyo.

Uchaguzi wa pili ukaja. Karai kikapata viti kadhaa vya wadi huko milimani, ugavana kikaukosa, na hapo chama kikapasuka. Watu wa mlima wakasema watu wa bonde wamewauza kwa Ndovu. Watu wa bonde wakasema chama hiki ni cha mlima, sisi tulialikwa kubeba mawe tu. Mwadime alijaribu kuwapatanisha, lakini kila alipofungua mdomo upande mmoja ulisimama na kuondoka. Wengi waliona kazi imekwisha.

Saru alizaliwa mlimani akaolewa bondeni, kwa hiyo pande zote mbili zilimwona wao na zote mbili zilimshuku. Alitundika vikapu vyake ukutani, akaanza kuzunguka. Aliingia nyumba za waliokasirika, akaketi jikoni, akamenya viazi vya watu na kuwasikiliza wakitukana wenzao. Hakuhubiri, wala hakumwambia mtu kwamba amekosea. Mtu alipochoka kulalamika, Saru alimwuliza swali moja: "Jumamosi utakuja?" Akapanga watu wa mlima washuke kuchimba bwawa la bonde, kisha watu wa bonde wapande kutengeneza barabara ya mlima. Siku ya kwanza walichimba bila kusalimiana. Ilipofika saa ya chai walikuwa wakitaniana ni nani anashika jembe kama kijiko. Miaka ikapita namna hiyo, na hakuna wadi iliyobaki bila tawi la Karai, na katika kila tawi ukiuliza nani aliwaita, jibu ni Saru.

Righa, wakati huo wote, alikuwa mpiga debe wa Ndovu. Ndiyo, msigunegune, alikuwa huko. Siku za bwawa alikuja kutazama, akashika jembe kwa mzaha, akarudi Jumamosi iliyofuata bila mzaha. Ndovu wakahisi ulimi wao unawatoka, wakaita mkutano mkubwa uwanjani ili wamtangaze kuwa mgombea wao wa naibu gavana. Akapewa kipaza sauti. Righa akawashukuru vizuri sana, kwa adabu zote, kisha akauambia umati kwamba bwawa wanalonywea ng'ombe wao halikuchimbwa na Ndovu wala Mnara, na yeye anaona haya kula asichokilima. Akashuka jukwaani akaenda zake kwa miguu. Kabla ya mwezi kuisha alikuwa amepoteza unyapara na nyumba ya shambani, na mkewe akawa anapika chini ya turubai kwa ndugu. Lakini bonde lilihama naye. Ukaitishwa uchaguzi mdogo katika wadi ambayo Karai hakikuwahi kupata hata wakala wa kukilindia kura, na Karai kikashinda. Kwa mara ya kwanza Ndovu na Mnara walianza kukutana faraghani.

Sasa uchaguzi wa tatu umekaribia, na hata maadui wanakiri kwamba safari hii gavana ni wa Karai. Shida ni moja, na ni shida ambayo chama kingine kisingeipata. Watu hawa walikuwa wamejizoeza miaka yote kutokuwa na mkubwa, na wakajisifu kwa hilo, mpaka wakasahau kwamba tume ya uchaguzi haipokei majina matatu. Ikabaki siku moja tu kabla ya muda wa kupeleka jina kwisha. Kikao cha mwisho, kwa zamu, kilikuwa nyumbani kwa Wakesho.

Wajumbe walijaa uani asubuhi. Wakesho alikuwa amepika kimanga, mihogo iliyopondwa na maharage, pamoja na mboga, na alipokwisha kuwalisha akafungua kikao. Moyo wake ulikuwa umejaa. Aliwatazama watu wa bonde wakikaa kwenye mikeka ya watu wa mlima, akamkumbuka mumewe, akasema wazi kwamba anajivunia kuwa hai siku hiyo. Kisha akawaita wale watatu waseme. Kila mmoja aliitaka tiketi, na hakuna aliyezunguka mbuyu kulisema hilo.

"Mimi niligombea wakati kugombea kulikuwa ni kuchekwa," alisema Mzee Mwadime. "Sasa kugombea ni kushinda. Mkinipita, semeni kwamba mlinitaka kwa aibu tu."

"Mmezoea kunishukuru," alisema Saru. "Kila kikao mnanishukuru. Kunichagua ndiko hamjakuzoea, na leo ndilo ninaloomba."

"Mimi nilikuja nyuma yenu, sikatai," alisema Righa. "Lakini nilikuja na nyumba yangu mkononi nikaiacha mlangoni. Aliyetangulia alipoteza kura. Mimi nilipoteza pa kulala."

Wakaamua kwa mlolongo, kila mjumbe asimame nyuma ya anayemtaka. Wakesho akapita akihesabu. Milolongo mitatu ikalingana, mtu kwa mtu. Akahesabu tena, hesabu ikawa ile ile. Akawaomba wanaotaka kuhama wahame, na hakuna aliyeinua mguu. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba bora wapeleke jina la mtu wa nje, na kijana mmoja wa bonde akasema kwa sauti kwamba Mnara bado wanapokea watu. Wakesho akaona chama chote kikimfia uani kwake, pale pale, kama alivyofiwa ukingoni mwa mto.

"Mpishi hajasimama," Saru akasema.

Ilikuwa kweli. Mwenyekiti wa siku huhesabu, hasimami kwenye mlolongo. Lakini mtu aliyebaki bila kusimama alikuwa ni yeye peke yake, na uani palikuwa na macho mengi.

Wakesho hakukimbilia kuamua. Aliwaendea wale watatu mmoja mmoja, mbele ya wote, akawauliza swali moja.

"Baba, nikikupita wewe, kesho utafanya nini?"

Mwadime akamjibu. "Nitaenda nyumbani, mwanangu. Sitawapiga vita. Lakini sitashika jiwe tena, maana nitajua niliwajengea nyumba ya kulala wengine."

"Dada Saru, nikikupita wewe?"

"Nitabaki," Saru akasema. "Nitazunguka, nitasikiliza, nitawaombea kura. Wote mnajua nitabaki, mdogo wangu, na ndiyo sababu kila siku mnanipita."

"Kaka Righa, nawe?"

"Mimi nitabaki, dada. Bonde siwezi kukuahidi. Walinifuata mimi, hawajajifunza bado kulifuata karai, na bila bonde mtakuwa mnapeleka jina la mtu wa kushindwa."

Wakesho akafuta mikono kwa leso. Mbele yake alikuwa amesimama mzee aliyembeba mumewe na kuanzisha kila kitu. Kando yake, mwanamke aliyeshona kilichopasuka wakati wengine wamekata tamaa. Na wa mwisho, mwanamume aliyegeuza mzaha wa kijiji kuwa ushindi, kwa gharama ya paa la watoto wake. Bila wa kwanza kisingezaliwa. Bila wa pili kingekufa. Bila wa tatu kingezeeka bila kushinda. Alijivunia wote watatu kiasi cha kutaka kulia, na akalia kidogo, kisha akajikaza na kuanza kutembea kuelekea kwenye milolongo.

Hapo ndipo ninapomwacha. Alisimama mahali, jina likapelekwa, lakini kwangu mimi hamtalipata.

Haya, semeni ninyi. Wewe mama unayetikisa kichwa, na wewe bwana uliyekwisha kuamua tangu mwanzo: mngesimama nyuma ya nani? Mnamlipa aliyeanza, aliyeshikilia, au aliyefikisha? Au mnampa yule ambaye mkimkosesha ataondoka, na mnampita yule mnayejua hataondoka kamwe? Msiniambie wagawane, kiti cha gavana hakikaliwi na watatu.

Na ukishamtaja wako, usikae kwanza. Nijibu na hili: ungekuwa wewe ndiye uliyepitwa, kesho asubuhi ungeamka ukamwombee kura mwenzako?