Kipimo cha Bi Harusi

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kuchonga mbuzi za kukunia nazi, huko Pangani. Aliitwa Fundi Shomvi, na hakuwahi kuchonga mbili zilizo sawa. Mwanamke akija kuagiza, kwanza alimpa nazi na mbuzi ya kuazima, akamwambia akune. Yeye hukaa pembeni kimya, akitazama goti linavyokunjika na bega linavyopanda. Ndipo hutoa uzi, aliyemsindikiza yule mwanamke akashika ncha yake, heshima isivunjwe, wakapima unyayo hadi goti, bega hadi kiganja. Watu walimcheka, ati anapima kama anashona kanzu. Wacheke tu! Aliyeikalia mbuzi ya Shomvi hakuinuka ameshika kiuno.

Ya kwanza kabisa alimchongea Mwanakombo, wiki moja kabla ya kumuoa. Enzi hizo, jamani! Binti anakuna huku anaona haya, shungi inamponyoka, fundi kasahau hata anachopima. Goti lile lilipimwa mara tatu, mpaka shangazi mtu akaguna.

Miaka thelathini na minane ikapita, mbuzi ile ikaliwa na mchwa. Mwanakombo alikuwa akipika vitumbua vya kuuza, anakuna nazi sita kila asubuhi, na bila mbuzi hana kazi. Shomvi akamwambia asihofu. Hakumpima. Apime nini, na vipimo vyote anavyo kichwani? Alichonga kwa raha zake, akiimba nyimbo za harusi yao, akaitia na nakshi.

Mwanakombo aliikalia siku tatu. Siku ya nne aliipandisha mbuzi juu ya meza, akakuna akiwa amesimama, kaegemea ukuta. Siku ya tano jiko halikuwashwa, na wateja wakarudi mikono mitupu. Fundi akapandwa na hasira. Mbuzi ni ileile, kwa shibiri na kwa nyanda, basi huu si uvivu ni nini? Mkewe akaikalia tena mbuzi ile, mbele yake.

"Baba Rukia," akasema, "uliyemchongea ni yule bi harusi. Mimi nimekaa hapa."

Shomvi akamwangalia alivyoikalia. Ndipo akaliona goti la kushoto, limevimba, halikunjiki tena. Akaliona bega la kulia lilivyoshuka. Yote hayo yalitokea ndani ya nyumba yake, siku baada ya siku, naye aliyejua magoti ya mji mzima hakuwa na habari. Aliililia siku ile ya zamani alipompima binti goti, akamlilia na huyu aliyekaa mbele yake peke yake miaka yote hiyo. Siku hiyo hakugusa patasi. Alikaa sakafuni, akamtazama mkewe.

Nanyi ndugu zangu, yule mnayeapa kwamba mnamjua, mara ya mwisho mlimtazama lini?