Fremu Moja ya Mtaa wa Mikeka

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana foleni za magari zilikuwepo, kaya thelathini zilipanga vyumba katika Mtaa wa Mikeka, katikati ya mji. Wakaunda ushirika, wakapata kiwanja mtaani hapo hapo, wajenge ghorofa lao wasije wakahamishiwa pembezoni. Mnajua pembezoni ni wapi. Ni kule ambako ukitaka kuwahi kazini unatoka watoto hawajaamka, unarudi wamekwishalala.

Wakapeleka ramani manispaa. Manispaa wakasema, kila mlango na gari lake, yaani kila nyumba iwe na nafasi ya kuegesha. Lakini kiwanja kilikuwa kidogo. Ukitoa nafasi za magari, zinabaki nyumba kumi na mbili. Kaya kumi na nane ziende wapi? Manispaa wakarudia, kila mlango na gari lake. Na kaya zote thelathini zilikuwa na gari moja tu, la Mzee Pazi! Watu wahame ili magari wasiyokuwa nayo yapate pa kulala. Jambo hili linanichoma hadi leo.

Wa kwanza kusimama hakuwa hata mwanaushirika. Alikuwa Nyamizi, muuza uji, aliyeweka sufuria zake kwenye lango la maegesho ya ghorofa la jirani. Aliposikia wateja wake wakilalamika, akawaambia kwamba humo chini magari ni ya kutafuta. Mmejaa magodoro ya wenye maduka na viti vya kukodisha harusini. Wakaona ni porojo. Basi Nyamizi akaleta kopo. Likiingia gari, anatia punje ya kunde. Likiingia gari, anatia punje. Jioni anazihesabu mbele ya mlinzi, mlinzi anaandika na kutia sahihi. Akafanya hivyo miezi miwili. Nafasi zilikuwa themanini, na siku iliyofurika kuliko zote kunde zilikuwa kumi na tisa.

Wa pili alikuwa Eliaichi, msanifu majengo, mwajiriwa wa kampuni iliyochora ramani ya kwanza. Alipoona hesabu ya kunde akachora upya, nyumba thelathini bila maegesho, na pale magari yalipokuwa yapite akachora fremu moja ya duka inayotazama barabara. Bosi wake akakataa kuigongea mhuri. Eliaichi akaipeleka kwa jina lake mwenyewe, na ajira yake ikaishia hapo. Akaenda manispaa, akarudishwa. Akaenda, akarudishwa. Mara ya sita mkuu wa mipango miji akaomba aletewe lile kopo.

Mkuu akakubali, kwa sharti moja. Gari lisilo na pa kulala litaziba barabara, kwa hiyo pasiwe na mwanaushirika hata mmoja mwenye gari. Likibaki moja, ramani inarudi.

Macho yote yakamgeukia Mzee Pazi. Gari lake halikuwa la kutambia. Mkewe, Bi Chausiku, miguu ilikuwa imemkataa, na mara mbili kwa wiki lilimpeleka kliniki. Mzee akaomba siku tatu. Siku ya nne akaja kikaoni kwa miguu, akasema gari limekwenda Morogoro kwa mpwa wake, waandike.

Ghorofa likajengwa, zuri, na kaya zote thelathini zikaingia. Ikabaki ile fremu. Katika siku za dhiki ushirika ulikuwa umeahidi kumpa fremu hiyo bure yule atakayelifanya ghorofa lisimame. Waliahidi bila kutaja jina, kama watu wenye shida wanavyoahidi. Sasa wakaja watatu.

Nyamizi akasema, "Ninyi nyote mmepata mlango. Mimi bado napanga ng'ambo, na askari wa jiji wamenikataza kuuza barabarani. Bila kunde zangu mngepeleka manispaa machozi matupu."

Eliaichi akasema, "Dada Nyamizi, kunde hazikai watu. Wenye ushahidi ni wengi, na hawajajengewa kitu. Mimi nimeacha kazi, na hakuna kampuni inayonitaka. Nipeni hii iwe ofisi yangu, nichore na mitaa mingine isihamishwe."

Mzee Pazi akasema, "Wanangu, mmoja alitoa macho yake, na bado anayo. Mwingine alitoa kazi, na yu kijana. Mimi nilitoa miguu ya mke wangu. Tumepangiwa ghorofa ya nne, na lifti hakuna. Nataka alale chini, bajaji imfikie mlangoni."

Wanaushirika wakakutana mara tatu, wakaachana mara tatu. Usiniambie wabadilishane nyumba. Chini hakuna nyumba, kuna fremu hiyo, ngazi na matangi ya maji. Wala usiniambie waigawane, maana upana wake ni hatua nne.

Mwenyekiti amechoka, ameniletea mimi ufunguo, nami nauweka mbele yenu. Je, nani alistahili? Mtaje. Lakini umtaje ukiwatazama usoni wale wawili utakaowanyima.