Uso Uliotobolewa Kwenye Senti

Anayetaka kunibishia anyooshe mkono sasa hivi. Wewe Mrutu, uliyemaliza kidato cha nne, anza! Mimi shule niliiacha darasa la tano, na hasara waliipata wao. Lakini habari ya senti ya shaba, ile yenye pembe mbili za ndovu na tundu katikati, mlima huu mzima hakuna anayenifikia.

Zamani senti haikuwa na tundu. Pale palipo wazi leo palikuwa na uso wa msichana, mashavu yamejaa, macho yanacheka. Aliuchonga Senzota, mhunzi wa mtawala, kwenye kalibu ya udongo. Kalibu ilikuwa hiyo moja. Shaba ikimiminwa humo, inatoka senti.

Senzota alikuwa na wake wawili. Naetwe, mke mkubwa, alivukuta moto wa mumewe miaka yote mpaka moshi ukamkausha uso. Nakundwa, mke mdogo, alikuwa ameolewa majuzi, na mashavu yake, jamani! Ningekuwepo mimi, yule mhunzi asingempata.

Siku moja muuza chumvi akamchokoza Naetwe sokoni.

"Dada, mwenzio kapendwa! Mpaka kwenye senti kawekwa."

"Nani?"

"Mwenye mashavu hayo ni nani mwingine hapa?"

Naetwe akaitazama senti, na moyo ukamwaka. Vioo enzi hizo havikuwepo, lakini mashavu ya Nakundwa aliyaona kila siku. Tangu hapo hakupata raha. Akifunga senti kwenye pindo la nguo, anambeba mke mwenziwe kiunoni. Akinunua chumvi, yule anamchekea kiganjani. Nchi nzima inamshika, inambusu, inampigania! Na yeye aliyevukuta?

Senzota alipotoka kwenda kuchoma makaa, Naetwe akaitoboa kalibu katikati ya ule uso, akachomeka msumari mnene. Mhunzi akarudi, akamimina bila kuangalia, zikatoka senti zenye tundu. Akadhani mtawala atamkata kichwa. Kumbe wanawake wa sokoni walishangilia: sasa senti zinatungwa kwenye uzi, hazipotei. Mtawala naye akaridhika.

Na tangu siku hiyo senti ya shaba ina tundu. Mrutu, mbona umenyamaza?

Haya, kuna kipande nimekiruka, maana mama zangu mmekaa hapa na sipendi kuwaliza. Ule uso haukuwa wa Nakundwa. Baada ya kumimina, Senzota aliuona msumari, akamwambia Naetwe taratibu, "Mama Kiondo, huyo ni wewe, siku ile niliyokukuta kisimani."

Naetwe akalia, akaung'oa msumari, akamsihi amchonge tena. Senzota akaketi, akachonga. Akafuta, akachonga upya. Kila alipomaliza, aliyetokea alikuwa Nakundwa.

Naetwe aliuokota msumari, akaurudisha mwenyewe.